Tumpime kiongozi kwa majibu yake, si kwa michango yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ambao huku kwetu Moshi hauna msimu: kiongozi wa kweli ni yupi, na tumtambueje kabla hatujamkabidhi muhuri wa kijiji, vitabu vya chama au kiti cha Bunge. Nimeusikia mjadala huo vijiweni, kwenye matanga na hata katika mahubiri, na karibu kila anayesimama hutaja sifa zilezile: awe msomi, awe mcha Mungu, awe na msimamo, awe na maono, awe mtu wa watu. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Shida yangu ni kwamba zote zinaweza kuigizwa kwa muda wote wa kampeni, na baadhi yake zinaweza hata kununuliwa. Sifa ninayoiona kuwa ngumu kuiigiza kwa muda mrefu ni utayari wa mtu kusimama mbele ya wale waliompa dhamana, akaulizwa, akajibu, kisha akarudi tena kuulizwa hata pale ambapo majibu yenyewe hayamfurahishi yeye wala wao.

Nilifanya kazi ya ukarani, na baadaye ya uhasibu, katika chama cha msingi cha ushirika wa kahawa upande wa Kibosho hadi nilipostaafu. Kwa hiyo wasomaji watanivumilia nikionekana kuwapima watu kwa vitabu vya mapato na matumizi kuliko kwa hotuba zao.

Nianze na Desemba, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao sisi wa mlimani huharibikiwa zaidi katika jambo hili. Wachagga walio Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ya kutoka Same hadi Moshi hujaa magari, vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vilivyokuwa kimya mwaka mzima hupata sauti, na kwenye kila ukoo huwa kuna kikao, ndafu na mbege, pombe yetu ya ndizi. Huo pia ndio wakati wa harambee: paa la kanisa, ukuta wa zahanati, vyoo vya shule, kifusi cha barabara ambayo mvua za masika zimeikata. Ni desturi nzuri, na sehemu kubwa ya shule na zahanati za huku zimejengwa kwa mikono na mifuko ya watu wa namna hii. Lakini angalia kinachofuata. Aliyetoa bati nyingi kuliko wote hapewi shukrani peke yake; hupewa pia uongozi. Kabla Januari haijaisha, jina lake limeshaanza kutajwa kwa udiwani, kwa uenyekiti wa bodi ya shule, kwa ubunge, na anayeuliza amewahi kuongoza nini huonekana mtu mwenye wivu.

Hapa ndipo tunapochanganya watu wawili tofauti. Mfadhili hadaiwi hesabu, kwa kuwa alichotoa kilikuwa chake. Kiongozi hudaiwa, kwa kuwa alichokishika ni cha wengine. Tukimchukua mfadhili na kumkalisha kwenye kiti cha uongozi bila kumweleza kwamba sasa masharti yamebadilika, yeye ataendelea kujiona mtoaji na sisi tutaendelea kujiona wapokeaji, na siku mjumbe mmoja atakapouliza fedha za mradi wa maji ziko wapi, jibu atakalopewa ni orodha ya mambo ambayo mheshimiwa amelifanyia eneo hili kutoka mfukoni mwake. Nimelisikia jibu la namna hiyo kwa masikio yangu, na waliokuwepo wakapiga makofi.

Wazee wetu hawakuwa malaika, lakini katika jambo moja walituzidi. Juu ya mlima huu kuna mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono tangu kabla ya Wajerumani, ikichukua maji kutoka mitoni na kuyateremsha hadi migombani. Maji ya mfongo hayakuwa ya mtu mmoja, hata kama ukoo ulioanzisha uchimbaji ulipewa heshima yake. Yaligawanywa kwa zamu, na mzee aliyesimamia zamu hizo ndiye aliyeitisha siku ya kusafisha mfereji; asiyefika alitozwa faini, ambayo mara nyingi ilikuwa pombe iliyonywewa na waliofika (adhabu ambayo nadhani ingeongeza mahudhurio katika vikao vingi vya leo). Kilichomweka mzee yule katika nafasi yake kilikuwa wazi kwa macho. Ikiwa maji hayakufika kwa mtu wa chini, mtu wa chini alijua, na alipanda juu kwenda kuuliza. Msimamizi aliyejipendelea hakuweza kuficha, kwa kuwa migomba yake ilikuwa ya kijani na ya jirani yake imekauka, na watu walipita njia ileile kila siku.

Sisemi turudi huko. Wanawake, ambao ndio waliobeba maji kichwani, hawakuwa na sauti katika vikao vya mfongo, na hilo peke yake linatosha kutuzuia tusiusifie mfumo ule kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba uongozi ule ulikuwa na mahali pa kuuliziwa, na aliyepewa alijua kwamba ataulizwa.

Ushirika ulipoanza, ulijengwa juu ya jambo hilohilo. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, akiwemo Joseph Merinyo ambaye jina lake halitajwi vya kutosha katika shule zetu, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Mkulima aliyepeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi alipewa stakabadhi na malipo ya awali, kisha akangoja kahawa iuzwe mnadani ndipo alipwe kilichobaki. Fikiria ni imani kiasi gani ilihitajika. Mtu anatoa mazao ya mwaka mzima, anapewa karatasi, na anarudi nyumbani. Imani hiyo haikuweza kudumu bila mkutano mkuu ambao mwanachama asiyejua kusoma angeweza kusimama na kudai asomewe kitabu.

Nitatoa mfano wa mtu ambaye sitamtaja jina, kwa sababu ameshafariki na familia yake haijaniruhusu. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu wakati mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliopangia nchi kiasi cha kuuza nje, ulipovunjika mwaka 1989 na bei ya dunia ikaporomoka. Wanachama hawakujua habari za masoko ya London wala New York. Walichojua ni kwamba malipo yamekuwa madogo mno na ada za shule zinadaiwa. Wajumbe kadhaa wa kamati walimshauri auahirishe mkutano mkuu hadi hasira zipoe. Hakukubali. Aliuitisha, akaja na karatasi za mauzo, akaanza kusoma: mzigo huu, daraja hili, uzito huu, bei hii, makato haya. Watu walizomea. Mmoja alimwita mwizi mbele ya watoto wake. Alingoja kelele zipungue, akaendelea kusoma pale alipoishia, na alipofika kwenye makato ya usafiri ambayo mwanachama mmoja aliyaona kuwa makubwa, aliniagiza nilete hati za malipo na tukazisoma moja moja hadi giza likaingia. Kisha akaomba wanachama waendelee na ajenda ya ukomo wa madeni kwa mwaka unaofuata, kana kwamba hakuna aliyetukanwa.

Katika uchaguzi uliofuata hakurudishwa. Alishindwa na mtu mchangamfu zaidi, aliyeahidi bei nzuri, kana kwamba bei ya kahawa hupangwa Kibosho. Mzee yule alikabidhi funguo, muhuri na vitabu vyote kwa orodha iliyosainiwa, na mkaguzi alipokuja hakukuta ukurasa uliopungua. Nimefanya kazi chini ya wenyeviti wengi wenye elimu kubwa kuliko yake na wenye maneno matamu kuliko yake, na bado yeye ndiye ninayemkumbuka mtu anaponiuliza kiongozi wa kweli anafananaje. Hakuwa na kipaji cha kuongea. Hakutupa habari njema. Lakini wanachama walijua kila senti ilikokwenda, na walijua kwa sababu yeye alikaa mbele yao na kuwaambia.

Majirani zetu wa Arusha wana mfano mkubwa zaidi, ambao naona tunaupita haraka mno. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, kupeleka malalamiko yao. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Wapo watakaosema basi alishindwa. Mimi naona jambo jingine: mtu aliyesafirishwa kwa senti za wakulima alikwenda kusema kile walichomtuma kusema, wala hakuigeuza safari ile kuwa biashara yake. Ukilinganisha na ujumbe wa siku hizi unaokwenda ziara ya mafunzo na kurudi na picha, utaelewa kwa nini jina lake bado linatajwa Meru.

Kuna sehemu ya historia yetu sisi wenyewe ambayo inauma kidogo kuitaja. Thomas Marealle aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachagga wote, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu walimshangilia, na kwa haki: alikuwa amesoma, alijua kuzungumza na wakubwa, na aliwapa Wachagga fahari. Miaka haikuwa mingi, watu walewale wakaanza kudai kiongozi wa kuchaguliwa kwa kipindi badala ya cheo cha maisha, na mwaka 1960 wakapiga kura kuamua hivyo. Baadhi ya wazee walioyaona hayo walituambia kwamba watu hawakuwa wamegundua ghafla kuwa Mangi Mkuu hana sifa. Sifa zake zilikuwa palepale. Walichokataa ni cheo ambacho hakikuwa na siku ya kurudi kwa wananchi kuomba upya.

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilitufundisha kwamba ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na watoto wa rika langu tuliyakariri hayo kabla hatujayaelewa. Likaweka pia masharti kwa viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa na chama tawala katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, na siku hizi tuna sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 inayowataka watangaze mali zao. Mimi si kati ya wale wanaolilia kila neno la Azimio. Naona masharti yale yaliutazama sana mfuko wa kiongozi na hayakuutazama vya kutosha mkutano wake. Mtu anaweza kukosa nyumba ya kupangisha na bado akawa mtawala asiyeambilika.

Katika ngazi ya taifa, mfano ninaoupenda ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwa ameshika silaha wala kuwa kwenye chumba walichofia. Alikubali kwamba wizara ni yake, na kwamba kinachofanyika ndani yake ni swali lake yeye kulijibu. Mwaka 1985 akawa Rais, jambo linaloonyesha kwamba kuwajibika hakumzikii mtu heshima yake. Tangu wakati huo tumesikia mara nyingi zaidi maneno kwamba suala liko chini ya uchunguzi.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Watasema kiongozi anayeulizwa kila siku ni dhaifu, kwamba Mwafrika anahitaji mkono mgumu, na mfano watakaotoa ni hayati Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine wa Monduli na ule msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Naheshimu kumbukumbu yake kama kila mtu wa kaskazini. Lakini wanaomtaja hukumbuka ukali na kusahau kilichowafanya wananchi wauvumilie: hawakumwona akijilimbikizia yeye mwenyewe kile alichowanyang'anya wengine. Ukali wa mtu asiyekaguliwa ni kitu kingine kabisa, na tumeuona ukitumika zaidi kunyamazisha wanaouliza kuliko kukamata wanaoiba. Halafu wanasahau kwamba kwa Wamaasai kwenyewe alikotoka, laigwanani, yaani kiongozi wa rika, huteuliwa na watu wa rika lake waliomjua tangu utotoni, na kazi yake kubwa ni kusikiliza rika likizungumza na kusema kwa niaba yake. Rungu analoshika halimpi ruhusa ya kuwapiga nalo waliomteua.

Turudi kijijini, kwa kuwa huko ndiko ninakotaka wasomaji waangalie. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani sisi sote wakazi tuliotimiza miaka 18, kuwa chombo cha juu kabisa katika kijiji, na utaratibu unataka uitishwe angalau kila miezi mitatu, hesabu zikisomwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa mlima ambao kihamba kimegawanywa hadi mtoto wa mwisho anarithi mistari michache ya migomba, kifungu hicho si cha kupuuza. Nakijua kijiji kimoja, nisichokitaja, ambako mkutano mkuu umekuwa ukiahirishwa kwa sababu ya mvua, kisha msiba, kisha ujio wa Mwenge, kisha mvua tena. Na katika kipindi hichohicho, sehemu ya eneo la wazi la kijiji ikapata uzio na mwenye uzio. Mwenyekiti ni mtu mwema sana. Huzika na kila mtu, huchangia kila harusi, hukumbuka majina ya watoto. Ukimuuliza kuhusu uzio, anakuuliza wewe nani amekutuma.

Na sisi wananchi tusijifiche nyuma ya ubaya wake. Mkutano ukiitishwa, wengi hatuendi, au tunakwenda kungoja posho. Tukienda, hatuulizi, kwa kuwa anayeuliza ataitwa mpinzani na jirani yake atasogea mbali naye kidogo kwenye benchi. Kumezuka pia kazi mpya nchini, ile ya uchawa, ambayo vijana wenye akili timamu wanaifanya mchana kweupe: kumsifu mkubwa hadi yeye mwenyewe aone aibu, kama bado anayo. Kiongozi aliyezungukwa na watu wa namna hiyo hunyimwa kitu ambacho hakuna mshauri wa kulipwa anayeweza kumpa, yaani habari za kweli kutoka kwa mtu wa chini ambaye maji hayajamfikia. Kwa upande huo, anayeuliza swali gumu mkutanoni anamsaidia kiongozi kuliko anayembebea mkoba, na kiongozi wa kweli hulijua hilo hata kama uso wake umekunjamana wakati anaulizwa.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayejiandaa kutuomba kura, wa chama chochote, maswali yangu ni machache. Umewahi kushika mali ya wengine, iwe ya kikoba, ya kwaya, ya kamati ya maji au ya timu ya mpira? Uliikabidhi kwa maandishi? Nani alikukagua, na alikuta nini? Ni mkutano gani uliowahi kuuitisha ukijua utazomewa? Asiye na majibu hayo anaweza bado kuwa mtu mzuri, na tutamkaribisha mbege Desemba.

Wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako pia. Magazeti yetu hutuma mwandishi na mpiga picha pale mheshimiwa anapokata utepe au anapokabidhi madawati. Naomba siku moja umtume mwandishi kwenye mkutano mkuu wa kijiji chochote kati ya Siha na Rombo, au kwenye mkutano wa mtaa wowote wa Arusha mjini, akae hadi ajenda ya mwisho, na aandike ni swali gani liliulizwa kuhusu fedha, nani alilijibu, na alijibu nini. Akikuta mkutano haukuitishwa, aandike hilo, pamoja na tarehe ya mkutano wa mwisho, ambayo ataipata katika kitabu cha mihutasari kwenye ofisi ya mtendaji, ikiwa ataruhusiwa kukifungua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu wa ushirika,
Kibosho, Moshi